Jibu la Shangazi Langoni

Jumamosi, Endarasha

Bado nacheka peke yangu. Wakwe walikuja leo kuleta mahari ya dada yangu Nyambura, lakini walichelewa hadi chakula kikapoa na Baba akachemka. Alisema warudi kwao Karatina. Nyambura alikuwa jikoni, analia.

Halafu msemaji wao, badala ya kuomba msamaha, akasema, "Tungefika mapema, lakini barabara yenu ni mbaya sana."

Hata mimi ninayejifanya mjuzi wa maneno niligeuka kumtazama Baba.

Shangazi Wangeci ndiye aliyekuwa ameshika lango. Akatabasamu. "Pole, mzee. Lakini kijana wenu huja kwa barabara hiyo kila Jumapili, na hajawahi kutuambia ina mashimo."

Kicheko! Msemaji mwenyewe akavua kofia. "Mama, hapo umenishika. Tusameheni." Baba akajaribu kununa, akashindwa. Lango likafunguliwa.

Shangazi aliwakanya wazee na kumsifu kijana wao kwa pumzi moja, bila kumtukana mtu. Jibu langu mimi limenijia sasa hivi nikivua viatu, na hata si zuri. Na ati mimi ndiye nitakayeongoza sherehe ya harusi. Sijui maneno nitayatoa wapi.

Tukiosha sufuria nilimuuliza Shangazi kama alikuwa amejiandaa.

"Wapi! Yalinijia majibu mawili. Lile lingine lilikuwa kali, nikalimeza."

Nikamsihi aniambie. Akakataa kabisa.

"Hilo nimewawekea. Wathubutu kuchelewa harusini."