Pindo Kwanza

London, Jumatatu ya pili ya Kwaresima

Baba, shikamoo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na macho hayajazidi kukusumbua. Mimi sijambo, ila samaki wa chumvi wamenichosha. Jana samaki, leo samaki, kesho samaki. Pasaka ikifika nitakuwa nimeota magamba.

Pasaka yenyewe ndiyo inayotutoa jasho. Mfalme bado mgonjwa, mwanawe bado ananyonya, na siku hiyo ndipo itakapojulikana nani atashika nchi kwa niaba yao: Bwana wetu wa Aldemere, au adui yake wa Hexmoor. Wakikutana mlangoni mwa ikulu, hakuna anayempisha mwenzake, na watu wao wanashika panga. Basi Bwana anataka joho jipya, na kazi kapewa nani? Binti yako! Simba watatu wa dhahabu kifuani, juu ya kitambaa chekundu.

Sasa cheka kidogo. Juzi Bwana mwenyewe alikuja chumba cha kushonea, akainama juu ya kiunzi changu cha kutarizia. Nikamwambia, "Bwana, kesho naanza lile pindo jeupe." Akasema, "Usijisumbue na pindo, Avelin. Wanapendeza hivyo hivyo." Kumbe hata jina langu analijua! Simba wawili tayari. Najua utagomba, maana ulinifundisha pindo kwanza, lakini Bwana akishasema, mimi ni nani nibishe?

Barua anaileta Tibot, yule muuza samaki. Msalimie Padri Osbert, mwambie akusomee polepole.

Ni mimi bintiyo,
Avelin

*

Norwich, siku ya Mtakatifu Gregori

Avelin, mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo. Macho ndiyo hivyo tena, nikitazama dirishani naona uji mtupu. Padri Osbert tumemzika wiki iliyopita, Mungu amrehemu. Anayenisomea na kuniandikia sasa ni karani mmoja, Piers, mgeni hapa mtaani. Mtu wa huruma sana. Kabla sijamwita kashafika.

Sasa nisikilize, mjinga wewe. Nani kakwambia ni jambo la kucheka? Bwana wako ni binamu wa mfalme. Binamu anaruhusiwa kuvaa simba wa mfalme kwa sababu moja tu, nayo ni lile pindo jeupe linalowazunguka. Toa pindo, na joho hilo ni la mfalme. Na anayevaa joho la mfalme wakati mfalme yu hai hukatwa kichwa, na aliyelishona huburutwa nyuma ya farasi mpaka kwenye kitanzi. Nimeliona hilo kwa macho haya yalipokuwa macho.

Piers ameacha kuandika, anataka nirudie vizuri ni simba wangapi, na chumba cha kushonea kiko upande gani wa nyumba. Nimemweleza. Ana bidii kwelikweli.

Lishone pindo hilo leo hii. Bwana akiuliza, mwambie baba yako ni mzee mkorofi.

Karatasi hii nimeizungushia uzi mweupe pande zote nne kabla haijaandikwa neno, kama zote nilizokuletea. Macho yamekwisha lakini vidole vipo. Ukipapasa ukaukuta uzi, ujue ni mimi.

Baba yako,
Hamo

*

London, Ijumaa kabla ya Jumapili ya Matawi

Baba, shikamoo,

U hali gani? Usiniulize mimi. Tangu jana sindano inanichoma tu.

Barua yako ilichelewa, na lakiri yake ilikuwa imebandikwa mara mbili, nadhani ilinyeshewa njiani. Ilifika jana asubuhi. Jana hiyo hiyo mchana, ukumbini kwa mfalme, chakula kikiwa mezani, Hexmoor alisimama akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Aldemere, nasikia simba wako wamevua mkanda. Wana joto, au wamepata mfalme mpya?" Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wote kwa pamoja. Aliyenisimulia alikuwa akimimina mvinyo, anasema Bwana alikuwa mweupe kama mshumaa.

Alasiri msimamizi wa nyumba akaniita. "Ukiulizwa, utasema ulisahau pindo."

"Halafu?"

"Halafu utanyongwa. Lakini Bwana hatamsahau baba yako."

Alisema hivyo, Baba, huku akimenya tufaha!

Na leo, kisimani, mtu mwenye nakshi ya mbweha, alama ya Hexmoor, kwenye mkono wa koti lake alisimama nyuma yangu. "Sema Bwana wako ndiye aliyekuamuru, utapona." Nitapona vipi? Nikiusema ukweli huo, watu wa Aldemere watanimaliza kabla sijafika mlangoni. Pindo siwezi kulishona tena, joho limefungiwa na mlangoni pana mlinzi. Ninaruhusiwa kuingia asubuhi tu, kumalizia simba wa tatu. Naogopa, Baba. Sijawahi kuogopa hivi tangu mama alipokuwa anakata roho.

Habari hii tulikuwa nayo watu watatu tu: Bwana, mimi na wewe. Ulimwambia nani? Kanisani? Kwenye pombe? Fikiri vizuri, halafu nijibu upesi, na Piers aandike kila kitu bila kuacha neno.

Bintiyo,
Avelin

*

Norwich, Jumatatu ya Juma Kuu

Kwa binti yangu mpendwa Avelin, salamu nyingi,

Mimi ni mzima wa afya kwa neema ya Mungu. Barua yako nimeipokea na imenihuzunisha sana.

Nimetafakari, nami nakushauri kama mzazi. Bwana wa Hexmoor ni mtu mwema na mpenda haki. Siku ya Alhamisi, kengele ya adhuhuri ikilia, nenda katika kanisa dogo lililo karibu na soko la sufu. Beba lile joho. Watu wake watakupokea, utaeleza ukweli wote, nao watakuleta nyumbani kwangu salama.

Usimwambie mtu yeyote. Mtoto mwema humtii baba yake.

Baba yako mzazi,
Hamo

*

London, Jumanne ya Juma Kuu

Baba, shikamoo,

Barua yako imefika, ameileta mpanda farasi. Nimefurahi kusikia u mzima. Nimeipapasa pande zote nne, nikaisoma, nikaipapasa tena.

Nitafanya ulivyosema. Alhamisi, kengele ya adhuhuri, nikiwa na joho. Waambie wasinikose.

Mshukuru Piers kwa mwandiko wake mzuri. Safari hii hukugomba hata kidogo.

Binti yako mtiifu,
Avelin

*

Bruges, baada ya siku ya Mtakatifu Mikaeli

Baba, shikamoo,

Sijui nitume wapi barua hii. Nakuandikia tu.

Ile karatasi iliyoniita kanisani ilikuwa laini pande zote. Haikuwa na tundu hata moja la sindano. Ndipo nikajua haikutoka kwako, nikakaa chini sakafuni. Watu watatu! Tulimsahau aliyekuwa anatusomea.

Jumatano asubuhi nilimwambia mlinzi nimekuja kumalizia simba. Nikalitoa joho chumbani, nimelificha ndani ya kapu la nguo chafu, nikalitia kwenye tanuri la wapishi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa melini katikati ya marobota ya sufu. Nikadhani nimewaweza. Jumamosi Kuu Aldemere alikatwa kichwa vilevile, bila joho, bila shahidi. Hexmoor ndiye anayeshika nchi sasa. Kumbe hawakulihitaji joho wala mimi.

Jana Tibot alifika huku ng'ambo na mapipa yake ya samaki. Alikuwa amesimama mlangoni kwako Piers alipokusomea barua yangu ya mwisho. Anasema uliposikia neno mbweha ulimshika Piers mkono kama unayemshukuru, vidole vikapanda hadi kwenye koti lake. Nani angekuficha nakshi wewe? Ulimpapasa yule mbweha, ukamwambia, "Aliyekushonea hakubana uzi." Piers alipotoka ukamwomba Tibot akavishe farasi matandiko haraka, kuna barua ya kwenda London. Tibot aliporudi, kiti kilikuwa kimeanguka na wewe hupo. Karatasi ilikuwa chini ya meza, akaificha ndani ya pipa. Tangu siku hiyo anauliza, na hakuna anayejua ulipo. Wanaojua hawasemi.

Amenipa hiyo karatasi. Inanuka samaki, na haina neno hata moja. Nani angekuandikia? Ulitaka tu niushike uzi wako, nijue nyingine yoyote si yako. Umeshona upande mmoja, wa pili, na wa tatu. Wa nne umeuanza mishono mitano, na sindano bado imechomekwa pale.

Nimelia, Baba, nimelia mpaka mwenye nyumba amegonga mlango. Kisha nimeishika sindano yako. Mishono iliyobaki nimeishona mimi, midogo, ya kubana, kama unavyotaka.

Pindo limezunguka lote. Sasa sema, Baba, nakusikiliza.

Bintiyo,
Avelin