Brayo, Kazi Yangu Ni Kutafuta Watu

Mpendwa mdogo wangu Brayo,

Naandika barua hii wazi, isomwe na kila mtu, kwa sababu sina anwani yako na simu yako haipatikani tangu ulipotuambia kwamba mwajiri amechukua paspoti. Huenda kuna Mkenya huko Uarabuni atakayeisoma na kukutambua: mrefu, mweusi, ana mwanya, hucheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Mama anakuulizia kila asubuhi. Nimeishiwa nguvu, Brayo.

Kazi yangu ni kutafuta watu. Wafungaji maua wa Naivasha, wapishi wa hoteli, walinzi, makarani wa stoo, yeyote ambaye mwajiri anamhitaji. Unakumbuka nilivyoanza pale ofisini nikipika chai na kupanga faili, kisha narudi nyumbani Kaptembwo, hapa Nakuru, kuwasimulia habari za Madam mwenye ofisi utadhani ni shangazi yetu? "Huyo Madam wako ako na mabawa ama?" ulikuwa ukiniuliza. Hana mabawa. Lakini Mama alipolazwa, alinishikia nafasi yangu mpaka Mama akatoka hospitalini, na siku niliyorudi nikakuta mwenzangu Otieno amenifanyia kazi zote na bado ananiuliza kama nimekula. Baadaye Madam alinikalisha kando yake kwenye mahojiano akanifunza kusikiliza. "Mtu akija hapa amebeba nyumba nzima mgongoni," aliniambia. "Usiangalie shati tu." Hapo ndipo niliposema nitazeekea katika kazi hii.

Jioni ulikuwa ukinipitia. Tulinunua soseji moja ya smokie tukagawana, wewe ukichukua upande wenye kachumbari nyingi, halafu tukatembea mpaka nyumbani ukiniigizia kila bosi mnene tuliyempita njiani. Nilicheka mpaka watu wakageuka. Siku hizi napita pale kwa muuza smokie nikiangalia upande mwingine.

Ofisini tuna desturi moja, nawe uliijua: hakuna anayemhoji ndugu yake. Wa kwenu akiingia, unasimama, unatoka, unamwachia mwenzako. Nilikueleza asubuhi ile tukinywa chai, ukaitikia. Lakini ulipoketi mbele yangu na lile shati la kuazima, ukaniona nikisimama kuondoka, uso wako ulisawijika. Nilikukuta kwenye ngazi baadaye.

"Sista, mtaa mzima wa Rhonda umewapea kazi, mimi ndio unanitoroka?"

"Ni sheria ya ofisi, Brayo. Otieno ni mtu poa, ngoja utaona."

"Wacha tu. Kinyozi hajinyoi. Nitatafuta kinyozi mwingine."

Na Otieno alikupitisha! Alikupitisha kwa haki, bila kunitazama usoni. Ulitakiwa kuripoti Naivasha Jumatatu. Nilikimbia kuja kukwambia, nikakuta tayari umempa paspoti yule ajenti wa Rhonda anayepeleka watu Uarabuni, yule wa kuita kila mtu boss. Hakukuuliza swali hata moja, na wewe ukadhani hiyo ndiyo heshima.

Niliusoma mkataba wako, nikauliza maswali ninayomuuliza mwajiri yeyote. Kampuni hiyo ni ya nani? Utalala wapi? Paspoti yako atakaa nayo nani? Uliikunja ile karatasi ukaitia mfukoni. "Sista, unaniroga ama unanionea wivu?" Akina mama wa kanisa wakakuombea sebuleni, ukaondoka ukiimba. Mimi nikakubebea begi mpaka barabarani, kwa sababu ningefanya nini tena? Mtu mzima hafungwi kamba.

Sasa ile ofisi ya ajenti ni kibanda cha chipsi. Anayeuza hapo anasema hamjui mtu. Madam alinipa ruhusa na gari, Otieno akanisindikiza mpaka Nairobi, tukazungushwa kwenye ofisi za serikali dirisha hadi dirisha, kila mmoja akitutuma kwa mwenzake. Ofisini hakuna aliyenichoka. Wananishikia zamu, wananiletea chakula, wanamtembelea Mama. Na wema wao ndio unaoniumiza zaidi, kwa maana mimi nimezungukwa na watu wanaonishika mkono na wewe huko sijui kama unaye hata mmoja. Juzi kijana mmoja alikaa mbele yangu akafuta jasho kwa kiganja, kama wewe. Alijibu vizuri sana. Nilishindwa kumwambia hongera, nikatoka nje kulia.

Jana Madam aliniita. Anafungua ofisi Eldoret na anataka niiongoze. Wote walikuwa wakinipigia makofi kwenye korido, maana hicho ndicho cheo nilichokiota tangu siku za chai. Lakini hata mimi lazima nihojiwe, kwa hiyo akanikalisha kitini akaniuliza swali ambalo nimewauliza nusu ya watu wa Nakuru: baada ya miaka mitano, najiona wapi?

Nikamwambia, "Hapa hapa, Madam. Mapokezi."

Alidhani natania. Nikamweleza kwamba ile simu ndogo ya mapokezi ndiyo namba pekee unayoijua kwa kichwa. Ulikuwa ukiipiga kwa simu za watu, yako ikiisha chaji, kuuliza natoka saa ngapi. Mtu akinyang'anywa simu, Madam, hubaki na zile namba zilizo kichwani. Nikienda Eldoret na ndugu yangu apige, apokee mtu asiyejua Brayo ni nani, aseme ofisi imefungwa, piga kesho? Itakuwaje?

Madam alivua miwani. Kisha akamwita Otieno, na wawili hao wakainua meza yangu na kuibeba mpaka mapokezi, Madam mwenyewe ameshika upande mmoja, akiwa amevaa viatu vyake vya visigino virefu.

Basi niko hapo, mdogo wangu. Simu inalia tangu asubuhi, na kila mara roho inaruka, na kila mara ni mtu anatafuta kazi. Nawajibu vizuri, usijali. Ukipata simu ya mtu yeyote, ya mpishi, ya dereva, ya askari, usingoje salio wala usifikirie la kuniambia. Flash tu, Brayo. Mimi nitapiga.

Ni mimi,
Sista wako