Nani Anamwagia Maji Pijo ya Mwalimu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemaliza kuvua milango yote minne. Pijo 504 ya Mwalimu Anton, mstaafu, iko bandani kwangu Kibaoni, wapita njia wanapunguza mwendo. Waangalie tu. Nimevalisha magari viti na milango Lubumbashi, Ndola, Dar. Darasa la tano sikumaliza, lakini ubao wa hadibodi unanijua.

Paneli za zamani zimeoza. Nimezichora kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nakata mpya, navika leza, ngozi ya bandia rangi ya chai ya maziwa. Nyuma ya paneli nimekuta nailoni imegandishwa kwenye bati la mlango. Wazungu bwana! Gari zee hili na bado lina nailoni za dukani. Nimebandua zote, mke wangu Mama Ima kafunikia banda la vifaranga.

Jumamosi ya wiki ijayo Mwalimu na mkewe wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Misa, halafu msafara. Wanawe wanne wote walitoka hospitali na gari hili. Nikiharibu, Ifakara nzima itajua.

Jumatano, 6 Agosti
Paneli za mbele zimekaa. Klipu zimelia ta, ta, ta. Jioni nimeliogesha gari ndoo tatu, kama jana, nikaligeuza liangalie barabara. Tangazo hilo. Vumbi la Agosti halina adabu, nitaliogesha kila siku.

Selestini kaguna: "Baba Ima, hilo gari litaota magamba." Wivu. Ni fundi bodi, Mndamba wa kijijini Mofu, watu wa mitumbwi, tuko banda moja miaka tisa, sahani moja. Ila kazi hii alitaka apewe shemeji yake. Sijasahau.

Ijumaa, 8 Agosti
Paneli ya dereva imevimba. Kama shavu lenye jino bovu. Leza imeachia, hadibodi inamomonyoka kama mkate kwenye chai. Maji! Kiti kikavu, sakafu kavu, mlango tu ndio umelowa. Huyu ni mtaalamu.

Ndoo ya Selestini ya kupozea chuma iko hatua mbili kutoka kwenye Pijo. Asubuhi ilijaa. Mchana nusu. Nimepima kwa kijiti. Simwambii mtu.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekata paneli nyingine. Nimemwaga majivu kuzunguka gari. Aliyeuliza nimemwambia dawa ya mchwa.

Jumapili, 10 Agosti
Kanisani sikusikia neno. Selestini anaimba kuliko kwaya. Mwenye dhambi huimba hivyo. Wakati wa kupeana amani nilimpa vidole viwili. Jioni nikaenda kuliogesha gari.

Jumatatu, 11 Agosti
Majivu yameloa kwa ndoo zangu za jana lakini nyayo zinasomeka. Kandambili zangu za tairi. Basi. Hata kuku hakupita. Na paneli ya upande wa pili nayo imevimba! Kumbe anaruka. Mtu aliyezaliwa kwenye mtumbwi, kuruka kutamshinda? Nimemchukia. Naandika hivyo hivyo. Nimemchukia.

Jumanne, 12 Agosti
Nimelipuka. Saa ya chakula, watu wamejaa kwa mama lishe. Nikasema mbele yao kwamba Selestini ananihujumu, ananimwagia maji gari la watu. Vijiko vikasimama.

Alivua miwani ya kuchomea taratibu. "Baba Ima, miaka tisa. Siku mlango ukikutajia jina langu, niite tuusikilize wote." Akapakia mtungi wake wa gesi kwenye toroli, akaondoka.

Banda limekuwa kubwa ghafla.

Jumatano, 13 Agosti
Mwalimu kaja. Shikamoo, marahaba. Hakutazama hata leza. Kaingiza mkono kwenye mlango wa nyuma ambao bado uko wazi. "Ile nailoni ya humu iko wapi?" Nikajibu ile ya dukani nimeitoa, ilikuwa uchafu.

Akachukua kikombe, akamwaga maji juu ya kioo. Maji yakateremka na kioo, yakazama mlangoni, yakachuruzika mpaka pale pale inapolala hadibodi. "Maji ya kioo lazima yaingie, fundi. Yanatokea matundu ya chini. Nailoni inayazuia yasiguse ubao." Sauti ya darasani kabisa.

Masikio yamewaka. Mimi. Ndoo zangu tatu. Kila jioni. Habari za Lubumbashi sikumtajia.

Alhamisi, 14 Agosti
Vifaranga wako juani. Nailoni nimezirudisha, iliyotobolewa na kuku nimekata mpya. Milango ya mbele nimeanza upya.

Mchana nimepanda bodaboda hadi Mofu, Selestini yuko kwa mama yake. Mama huyo kapokea shikamoo yangu akiwa anapepeta mpunga. Nikaanza kuomba msamaha. Kanikata: "Mwanangu ulimtukana wapi?" Nikajibu, kwa mama lishe. "Basi na msamaha uko huko huko. Hapa uani umetufuata nini?" Selestini hakutoka ndani.

Ijumaa, 15 Agosti
Saa saba mchana. Nimesimama kati ya mabenchi. Nimesema maji nilimwaga mwenyewe, kwa kujionyesha, na jina la mtu nimelichafua bure. Watu wamecheka mpaka mmoja kapaliwa. Nilikuwa na utani mzuri wa kumalizia. Nikaumeza.

Selestini alikuwepo, mwisho wa benchi. Kala, kanawa, kaondoka.

Paneli nimezifunga peke yangu, kwa goti na kifua. Kazi ya watu wawili ile.

Jumamosi, 16 Agosti
Gari limetoka. Mke wa Mwalimu kapapasa mlango kwa kiganja, kamtazama mumewe, kacheka kama msichana. Nimesifiwa sana. Haikunoga.

Jumatatu, 18 Agosti
Saa tatu nimesikia toroli. Selestini kashusha mtungi pale pale pake. Hakusalimia.

Baadaye kasema, "Nishikie hili bati." Nimeshika. Lilikuwa la moto. Nimeshika hivyo hivyo.