Uso wa Kijakazi

12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na mgongo wako. Natumaini umeacha kuandika makala ukiwa umelala kifudifudi.

Huku nanakili kwa rangi za mafuta ile picha ya karne ya kumi na nane niliyokutumia kwenye kadi: bibi tajiri bustanini, gauni la hariri ya waridi limemwagika mpaka kwenye nyasi. Mwalimu wetu wa uchoraji amesema atakayetoa nakala safi kufikia mwisho wa Juni atabaki kwenye karakana yake. Wengine kwaheri. Nimechanganya nyekundu na nyeupe, ikatoka kama dawa ya meno. Mwalimu alicheka mpaka akaomba kiti. Na mafuta hayakauki upesi, Baba! Nazunguka chumbani kama kuku anayetaka kutaga.

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, kalamu haiumi.

Nimeitazama kadi yako mpaka nikatokwa jasho. Nilikusomesha ili ukapige magoti mbele ya gauni? Hariri hiyo nani aliifuma? Nani aliifua? Tazama nyuma ya chemchemi: yupo kijakazi ameshika mwavuli, na huyo bingwa wako aliyeichora hakumpa hata pua! Madoa mawili ya kahawia, basi. Lakini mikunjo ya gauni hakusahau hata mmoja. Mpe uso huyo binti, mama. Nakala isiyobisha ni utumwa.

Baba yako

9 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini unalala vizuri.

Nilimpa uso. Nilimpa pua, nyusi, na macho yako yale ya kutafuta mtu wa kugombana naye. Wenzangu walipiga makofi. Mwalimu alisogea karibu, kisha akasema, "Huyu anahutubia. Na gauni limekufa."

Nikatazama. Kweli, lilikuwa limelala kama shuka. Nilikimbilia uso kwa sababu hariri ilikuwa imenishinda. Nikachovya kitambaa kwenye tapentaini, ile ya kuyeyushia rangi, nikaufuta uso rangi ikiwa bado mbichi.

Usikasirike. Ubishi ule ulikuwa wako. Wangu sijaupata bado, na nautaka uje na mkono unaojua kazi.

Mwanao

13 Mei

Binti,

Umemfuta mtu kwa kitambaa. Kama elimu yenyewe ndiyo hiyo, funga virago urudi nyumbani.

Baba

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Uzima upo?

Sirudi. Nakala imekubaliwa, nimepewa kona yangu karibu na dirisha. Ile hariri, kumbe waridi yenyewe ni kidogo sana. Kubwa ni kijivu, na kwenye vivuli kuna kijani. Nilikwangua na kuanza upya mpaka wenzangu wakanikimbia.

Hujaniandikia tangu ile ya Mei. Kama bado umekasirika, niandikie hivyohivyo na hasira zako.

Mwanao

20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, ila sikai nikatulia.

Nilikujibu mara kadhaa nikachana. Barua zote ziliandikwa vizuri mno. Jana niliazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa, nikalitazama hilo gauni la kwenye kadi peke yake, bila bibi, bila kijakazi. Kijani nimekiona, pale chini ya goti. Kwa nini kijani? Ni nyasi zinazopiga mwanga juu, au kuna jambo jingine? Nieleze taratibu. Sitakukatiza.

Baba yako