Petruk na Mzunguko Wake wa Kwanza

Wes, we acha tu. Petruk karudi. Petruk yuleyule wa jana!

Si walimtoa huku kwetu daraja la pili wakampandisha timu kubwa ya hoki ya barafu? Kwa dharura, maana mchezaji wao mmoja alikuwa anaharisha. Mama yake kaendesha gari kutwa nzima kwenye theluji akamwone.

Wakati wa kupasha misuli moto, wenzake wakabaki kwenye mlango wa uwanja, wakamwachia azunguke barafu peke yake bila helmeti. Heshima ya mechi ya kwanza, unaijua. Mama analia jukwaani.

Kumaliza tu mzunguko, mgonjwa huyo katoka chooni: "Nimepona, nacheza."

Basi! Mkataba unasema mgonjwa akipona, dharura imekwisha. Meneja akamwambia, "Vua jezi, kijana. Chama chenu wenyewe cha wachezaji ndicho kilichosaini."

Vua jezi, Wes! Na mama bado anampungia mkono.

Leo mazoezini huku kwetu katangulia barafuni, kainamisha kichwa. Sisi wote tukabaki mlangoni. Kafika nusu ya uwanja ndipo akageuka, akatuona tunavyogonga magongo na kucheka.

Akamaliza mzunguko.

Wes, mlango niliuzuia mimi, wengine wasimfuate.