Ile Chai Haimo Kwenye Kontena

Guangzhou

Kwa kaka yangu Mbaruku,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii inakukuta umekaa kitako barazani, si huko uani unakokimbilia kila saa. Shemeji hajambo? Magoti yake yamepoa? Mimi huku mzima, na nikisema mzima ujue mzima kweli, maana nimekaguliwa mpaka ndani, kama utakavyosoma.

Nimeandika kwa mkono na kumpa Bi Tatu, yule muuza madera, anayerudi huko, akukabidhi mwenyewe. Simu yako wanakusomea watoto, halafu habari inaishia kwenye kundi la ukoo. Haya si ya kundi. Soma peke yako.

Uliponiambia tumbo lako limegeuka tangu mfungo uishe, mara limefunga, mara linaendesha, na kwamba umeona damu lakini "ni bawasiri tu hiyo", halafu ukaniagiza chai ya Kichina ya kusafisha tumbo, mimi nilinyamaza. Ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, kaka. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Naanza na Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya nguo za jumla. Mimi pale ni mtu mkubwa. Nikipita, wachukuzi wanasimamisha mikokoteni, wenye maduka wanaita, "Laoban! Laoban!" yaani bosi. Hata feni zinanigeukia. Lakini bosi naye ana tumbo, na vyoo vya kule havina maji ya kutawadha. Ni karatasi, tena uje nayo. Sasa mtu aliyelelewa na marehemu mama yetu atafanyaje? Wenzangu wanatembea na chupa ya maji mkobani. Mimi nikaona laoban mzima kubeba chupa ya chooni ni kujishusha. Nikawa nabana. Nabana tangu asubuhi mpaka nirudi chumbani, na ili nibane vizuri nikaacha kunywa maji na kula mchana. Kwa kubana, hakuna Mtanzania aliyenifikia. Nimewahi kubana kutoka hapa mpaka bandari ya Nansha, kontena likapakiwa, meli ikang'oa nanga, mimi nimesimama wima natabasamu.

Basi tumbo likagoma. Nikawa kama robota la mitumba, limekazwa kamba pande zote. Nikakumbuka stoo nina maboksi ya chai hiyohiyo unayoitaka wewe, ya kupunguza kitambi, mzigo wa kina mama wa Kariakoo. Boksi linasema pakiti moja. Nikasema moja ni ya Wachina, wembamba wale. Nikachemsha kiganja kizima. Kaka, ilinikuta ndani ya lifti. Sisemi zaidi. Suruali ile sikurudi nayo.

Tangu hapo nikinywa chai naharisha, nisipokunywa hakitoki kitu. Nikaona damu. Nami nikasema kama wewe: bawasiri.

Aliyenikokota hospitali ni Mama Odeta, Mkongo wa Lubumbashi niliyepanga naye stoo. Kichina anakijua, kwa hiyo ndiye akawa mkalimani wangu. Fikiria aibu yangu, mbele ya mwanamke mwenye heshima zake!

"Papa, dokotere anauliza, ni ya mayi ao ya nguvu?" Yaani ya maji au ngumu.

"Mwambie ya kawaida tu."

"Kawaida? Kama ingekuwa kawaida tungekuya hapa kufanya nini? Sema!"

Daktari akauliza nimebadili nini: chakula, maji, safari, dawa mpya, mawazo. Nikajibu sijabadili kitu. Mama Odeta akanitazama, kisha akamweleza mwenyewe habari ya kubana na ya chai, tena kwa mikono. Daktari akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema kubana na kukosa maji peke yake kunafunga tumbo, na chai ile inauchokoza utumbo mpaka unazoea kuchokozwa. Akasema yanayoharibu tumbo ni mengi: kuna chakula kibovu, kuna minyoo, kuna wasiwasi, kuna vidonge vya kuongeza damu na hata baadhi ya vidonge vya sukari, kama hivyo ulivyoanza wewe. Usiviache kwa akili yako, mwambie aliyekupa. Lakini damu, akasema, haikisiwi. Mtu wa umri wetu akiona damu, au akikonda bila sababu, au tumbo likibadilika wiki hadi wiki bila kurudi, aangaliwe.

Wakanipa dawa ya kuosha tumbo, nikaimaliza kishujaa. Wakanilaza, wakanipitishia mpira wenye kamera kwa njia unayoijua. Mama Odeta anasema usingizini niliuliza kamera ile bei gani kwa jumla. Wakakuta kinyama kidogo kama punje ya mtama. Wakakikata, wakakipeleka kupimwa.

Siku za kungoja majibu sikupita Guangyuan Xilu. Nilikaa chumbani nikamkumbuka mama.

Majibu yakaja salama. Ila daktari alisema kinyama cha aina ile kikiachwa miaka kinaweza kugeuka saratani. Na mimi nilikuwa nakimwagia chai.

Sasa mzigo wako. Feni za msikiti zimo, mlango wa chuma umo, sufuria za shemeji zimo. Chai haimo. Usiitafute chini ya sufuria. Bi Tatu naye nimemkataza, na ukiinunua mtaani shemeji ataniambia. Nenda hospitali ya mkoa. Ukifika kwa daktari taja damu kwanza, hata kabla ya salamu, wala usimwambie "ya kawaida tu". Inawezekana ni bawasiri kweli. Basi na aseme yeye.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu wa ng'ambo ya mto, na mkweo fundi cherehani. Mwambie vitambaa vyake vimo. Mimi sasa natembea na chupa, kubwa, ya bluu. Wachukuzi wanadhani ni dawa ya nguvu. Sijawakatalia.

Kaka, waliokuwa wakiniita Kibonge wamekwisha wote, umebaki wewe. Ukitoka kwa daktari nipigie. Wakiwepo watoto, wakiwepo majirani, wewe sema tu, nitasikiliza.

Mdogo wako,
Hamza