Mkono Ambao Sikuushika

Jumamosi, mwisho wa Julai. Bariadi.

Upepo umeamka na vumbi lake tangu asubuhi, na baridi hii kavu ya kiangazi imenipasua midomo. Moyo ni mzito. Ila leo naandika, jambo ambalo sijalifanya tangu pamba ilipoanza kupasuka mashambani.

Wasomaji wangu wachache mmeshanizoea. Mvua zikinyesha naandika, mavuno yakifika nanyamaza. Mwaka jana nilisingizia macho. Mwaka huu nimesingizia umeme. Ukweli ni kwamba mama alifariki wakati wa mavuno, mwaka juzi, na kila nikiona shamba limekuwa jeupe nakauka kabisa.

Huo nao ni nusu ya ukweli.

Mama, mayu wetu kwa Kisukuma, hakujua kusoma. Nilikuwa nikienda nyumbani Sapiwi tunakaa kwenye kichanja kuchambua pamba: safi huku, na fifi, ile yenye madoa na takataka, kule. Mimi namsomea nilichoandika, nikikigeuza Kisukuma. Hakuwa ananyanyua uso. Akisikia sentensi yenye madoido anasema tu, "Hiyo weka na fifi." Nilikuwa nanuna, kisha naifuta.

Wiki aliyofariki niliweka hapa andiko ambalo wengi mliniambia liliwaliza. Niliandika kwamba nilimshika mkono mpaka mwisho, na kwamba vidole vyake bado vilikuwa na nyuzi za pamba.

Sikumshika mkono. Sikuwepo.

Dada yangu Minza alinipigia simu mchana, akasema hali imebadilika, njoo. Nilikuwa chumbani kwangu hapa mjini, namalizia andiko lingine. Nikamjibu nikimaliza nakuja. Nilipofika Sapiwi wanawake walikuwa wameshaanza kulia uani. Andiko lenyewe lilihusu nini, hata silikumbuki.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imechukua mavuno mawili, na imeishia leo kwenye kichanja kilekile.

Nilikwenda kumsaidia Minza kuchambua. Akili haikuwepo, nikawa natupa fifi kwenye safi. Minza akawa anaitoa kimya kimya, kama mama alivyokuwa akifanya. Baadaye akasema, bila kunitazama:

"Mayu alikuulizia siku ile. Nikamwambia upo njiani, umeshavuka mto."

Nikamuuliza kama alisoma nilichoandika.

"Nilisoma. Nikasema mwache, labda ndivyo anavyolia."

Miaka miwili alikuwa ananyamaza. Yeye ndiye aliyeushika mkono ule, na mimi niliuchukua nikawapa watu wausome kwenye simu zao. Nililia, naye akaendelea kuchambua, maana jua lilikuwa linashuka na pamba bado ilikuwa nyingi.

Niliporudi jioni, kabla hata sijanawa vumbi, nimefungua andiko lile. Nimefuta mkono, nimefuta vidole. Mahali pake nimeandika kwamba aliniulizia, na mimi nilikuwa mjini naandika. Ni fupi, na halipendezi kusoma. Lakini nilipomaliza sikusimama. Haya mnayoyasoma yakaanza kutoka, na sikuyatafuta.

Naogopa mtakavyoniona. Na kuna hofu nyingine kubwa kuliko hiyo: nikitaka kuuliza kama hii ni safi, niliyekuwa namuuliza hayupo.

Kesho nikitoka kanisani nakwenda tena Sapiwi, kichanja bado kimejaa. Nitamsomea Minza huku anachambua. Akisema niiweke na fifi, naanza upya.